Mtego wa Nakala Tatu

Jumatatu, 7 Septemba 1987

Leo tena wamenyamaza nilipoingia. Mara ya tatu wiki hii, na wiki yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Nilifika kituo cha walimu saa tisa alasiri, kama tulivyopatana. Manase ameinamia mashine ya kurudufu. Dorkasi yuko kwenye taipureta. Shelina kashika karatasi. Wanacheka. Nikabisha hodi. Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Shelina akasema shikamoo, Mwalimu Hatibu. Dorkasi akasema shikamoo, Mwalimu. Hata Manase, ambaye tunapishana miaka mitatu tu, naye akaniamkia! Mtu akiamkiwa na watu watatu kwa mpigo ajue analo jambo la kuchunguza.

Niandike hali ilivyo, ili ushahidi uwepo. Vitabu vya darasa la nne havijafika, huu mwaka wa tatu. Madukani siku hizi kimejaa kila kitu: sabuni aina nne, makoti ya mitumba ya kuvaa kwenye theluji. Vitabu hakuna. Afisa Elimu akasema basi walimu tukae wenyewe, tutunge muhtasari wetu na kijitabu chetu cha mambo ya Tanga, tukianzia na shule tatu za Makorora. Wafadhili wakaleta mashine ya kurudufu, ya kuzungusha kwa mkono. Haihitaji umeme. Jambo jema, maana umeme nao ni kama hautuhitaji sisi.

Tuko wanne. Manase, mwalimu wa Hisabati, Msambaa wa Lushoto, mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha kila kitu kwa rula. Shelina, Sayansi, ambaye baba yake mdogo, Zainuddin, ana duka la vifaa vya ofisi na ndiye anayetupatia stensili na wino. Dorkasi, Kiswahili. Huyu nilimfundisha mwenyewe darasa la nne, dawati la mbele. Sasa anapiga taipureta bila kutazama vidole vyake, jambo nisilolipenda hata kidogo. Mtu asiyetazama vidole vyake anatazama nini?

Na mimi, Jiografia. Sura ya mkonge ni yangu. Ndiyo ndefu kuliko zote.

Kiini cha yote: jalada. Jalada litakuwa na jina. La nani, haijasemwa, na kila nikiuliza Manase anasema tutaliona hilo mbele ya safari. Miaka ishirini na minne nashika chaki. Jina langu halijapata kuchapwa mahali popote isipokuwa kwenye orodha ya walimu waliochelewa. Jalada hili silikosi!

Jumatano, 9 Septemba

Ushahidi wa kwanza. Manase alituma ujumbe asubuhi kwamba mashine inaumwa, tusije. Adhuhuri nikakutana naye sokoni akinunua dagaa. Vidole vyake vyeusi mpaka kwenye kucha. Wino! Nikamuuliza, kwa upole, mashine mgonjwa imekupakaje wino. Akasema alikuwa akiitibu. Mtu wa Hisabati, ana jibu kwa kila kitu.

Ushahidi wa pili. Shelina kaniuliza nilianza kazi mwaka gani. Kwa nini? Nikasema sitini na tatu. Akaandika kwenye kiganja. Kwenye kiganja! Huko ndiko huandikwa mambo yanayotakiwa yafutike haraka. Wanapiga hesabu ya kunistaafisha, kisha sura ya mkonge ibaki bila mwenyewe, kama nyumba ya mtu aliyehamia Mombasa.

Mke wangu anasema pengine binti anataka kujua tu. Mke wangu ana moyo safi. Ndiyo maana kaolewa na mimi.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimepata mpango. Nimeupata baada ya swala, nikitafuta ndara zangu, na kwa furaha nikarudi nyumbani na za mtu mwingine.

Utaratibu wetu uko hivi, na aliuleta Shelina kutoka kwenye semina. Kila sura hupigwa chapa kwa kaboni, nakala tatu. Kila mwenzako anachukua moja nyumbani, anasoma, anasahihisha pembeni, anatia saini. Kisha Dorkasi anazikusanya na kukata stensili, ile karatasi ya nta ya mashine. Stensili ikishakatwa, mashine inazungushwa, imekwisha.

Sasa basi. Nakala za kaboni zinafanana kama mapacha. Sura yangu ikitokea na jina la mtu mwingine, nitajuaje imetokea mkononi mwa nani? Sitajua. Lakini zisipofanana! Nakala ya Manase iwe na jambo moja la uongo. Ya Shelina jambo jingine. Ya Dorkasi la tatu. Uongo utakaotokea kwenye kijitabu ndio utakaomtaja mwizi. Nami nitasimama mbele ya Afisa Elimu, niseme kwa sauti ya chini: Bwana Afisa, muulize mwandishi wako mto huu uko wapi.

Nilicheka peke yangu mpaka mama mkwe, Bi Mwanaidi, aliyekuwa akichambua mchele uani, akauliza, we mkwe, unacheka na nani? Sauti yake ilisikika barabara ya pili. Hapo hapo nikapata jina la mto.

Jumatatu, 14 Septemba

Vidole viwili vya kupigia taipureta vimevimba. Sura moja mara tatu, kurasa kumi na moja, Jumamosi na Jumapili, kituoni peke yangu na mijusi. Lakini imetoka!

Nakala ya Manase: Mto Mwanaidi, unaoanzia karibu na Maramba, wenye kelele nyingi, usiokauka hata kiangazi, ambao mashamba ya mkonge yaliutumia kuoshea nyuzi.

Nakala ya Shelina: Kilima cha Kipara, nyuma ya ufukwe wa Ushongo, ambacho juu hakioti kitu lakini pembeni kina majani machache. Umbo lake nililipata kwenye kioo wakati wa kunyoa ndevu.

Nakala ya Dorkasi: stesheni ndogo ya Subira, mbele kidogo ya Muheza, ambapo mabehewa ya mkonge yalikuwa yakipumzika kabla ya kuingia mjini. Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Nimeipenda kiasi cha kutamani iwepo.

Nikagawa. Shelina akasema ajabu, hizi si kaboni, zote za wino wa utepe wa taipureta. Nikasema kaboni zimekwisha. Akasema dukani kwa baba mdogo liko boksi zima. Nikasema mwanangu, huu ni wakati wa kujitegemea. Akaniangalia. Manase akazipanga kurasa zake kwa rula.

Jumatano, 16 Septemba

Nimewaona! Kituo kimefungwa, wanasema fundi. Nikapita barabara ya duka la Zainuddin, kwa bahati tu, mara nne. Wote watatu wamo ndani! Nikakaa ng'ambo kwa muuza kahawa, gazeti usoni. Vikombe saba.

Wametandaza karatasi juu ya kaunta, kurasa kwa kurasa, ubavu kwa ubavu. Dorkasi anasoma kwa sauti. Manase anakuna kichwa. Shelina anaonyesha kidole hapa, halafu pale. Halafu wote wakatikisa vichwa kwa pamoja, kwa huruma, kama watu waliomtembelea mgonjwa.

Zainuddin akavuka barabara akaja mpaka kwangu. Akasema Mwalimu, gazeti lako ni la juzi, la leo ninalo dukani, karibu ndani ukae kwenye kiti. Nikasema nimekuja kununua uzi. Akanipimia. Sasa nina donge la uzi na sina cha kufunga.

Ijumaa, 18 Septemba

Manase kaja nyumbani mwenyewe! Kasema kesho wanazungusha mashine, nisijisumbue, nipumzike. Nipumzike! Nimesema vizuri, ndugu yangu, asante. Kisha nikaenda chumbani nikaandika hotuba yangu ya mbele ya Afisa Elimu. Inaanza, Bwana Afisa, moyo wangu mzito. Mke wangu kaisikiliza yote. Kauliza kama nimekula.

Jumatatu, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nilifika kituoni saa nne na hotuba mfukoni. Wamesimama mstari. Juu ya meza kitambaa cha maua. Chini ya kitambaa mafungu ya vijitabu, bado vinanuka wino. Shelina akanipa kimoja kwa mikono miwili.

Jalada. Dorkasi kalichora kwa mkono wake kwenye stensili: mmea wa mkonge, kila jani limenyooka. Rula ya Manase hiyo. Na chini yake: KIMETUNGWA NA MWALIMU HATIBU NA WENZAKE. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo: miaka ishirini na minne ya kufundisha, 1963–1987.

Na wenzake! Hawakujiandika hata majina. Manase akasema walitaka kunishangaza, ndiyo maana walikuwa wakijificha kama wezi. Mashine haikuumwa, walikuwa wakijaribu jalada. Akasema mimi ndiye niliyefundisha nusu ya walimu wa Makorora, sasa wangeandika jina la nani?

Nililia. Niandike ukweli, nililia, nikafuta macho kwa hotuba.

Ndipo nikafungua ukurasa wa tisa.

Mto Mwanaidi. Kilima cha Kipara. Stesheni ya Subira. Vyote vitatu! Na ramani. Ramani! Mto umepindapinda vizuri, kilima kina vistari vya kivuli, stesheni ina kibendera.

Dorkasi akaeleza, anatabasamu. Walipokutana dukani waligundua kila nakala ina jambo ambalo nyingine haina. Wakajua nimepiga chapa kwa uchovu, nikaruka hapa na pale, maskini, na kaboni hakuna. Basi wakakaa siku nzima wakaziunganisha, lisipotee neno langu hata moja.

Nikauliza vijitabu vitagawiwa lini. Manase akatazama saa. Akasema vimeshagawiwa, tangu saa moja asubuhi, shule zote tatu. Hayo mafungu mezani ni nakala zetu za akiba; jumla, na vilivyogawiwa, mia nne.

Jumanne, 22 Septemba

Nilitaka kusema leo. Wallahi nilitaka. Nikaingia darasani, watoto hamsini na sita, kijitabu kimoja kwa watoto wawili, na kwao hiyo ni neema, maana walikuwa na kimoja kwa darasa. Msichana mmoja akasimama akasoma ukurasa wa tisa bila kukwama. Kisha akauliza, Mwalimu, Hatibu wa kwenye jalada ni wewe? Nikasema ni mimi. Darasa zima likapiga makofi.

Sasa mtu atasemaje baada ya hapo? Nikisema, jina linatoka. Nakala mpya, jalada jipya, kimetungwa na wenzake. Nikasema nitasema kesho.

Nyumbani balaa jingine. Mke wangu kamsomea mama yake ukurasa wa tisa. Bi Mwanaidi kaniita uani. Nikajua leo nahama. Kumbe! Kanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Kasema amekaa na mkwe huyu miaka kumi na tisa akidhani hana alijualo, kumbe Mungu ameumba mto wenye jina lake na mkwe wake ndiye aliyeutia kitabuni. Una kelele na haukauki! Kalirudia mara tatu. Majirani wote wameshaambiwa. Jioni kanipikia samaki wa nazi kwa mkono wake. Mnofu wa shingoni nimepewa mimi.

Jumatano, 23 Septemba

Kaja mkaguzi. Bwana Wilfred, miwani, mkoba wa ngozi, sauti ya kwaya. Amekaa nyuma ya darasa akafungua kijitabu. Nikakumbuka kitu kimoja ambacho nilipaswa kukikumbuka kabla ya kupiga chapa: Bwana Wilfred kwao ni Maramba. Kazaliwa hapo, kabatizwa hapo.

Chaki ilivunjika mara mbili. Akafika ukurasa wa tisa. Akakaa hapo muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikamwambia Mungu, leo nichukue.

Akasimama. Akasema watoto, mna bahati sana. Huu Mto Mwanaidi mimi nimeoga humo nikiwa mdogo kama nyinyi.

Ameoga!

Hapo ndipo shaka yangu ilipopata makao mapya. Mtu anayeoga kwenye mto usiokuwepo, hicho cheti chake cha ukaguzi kakipata wapi? Nitalifuatilia hilo.

Lakini hakuishia hapo. Akasema kusoma bila kuona hakutoshi. Ameamuru safari ya masomo. Jumamosi, darasa zima, mpaka Maramba, wakauone mto. Atapata lori la shamba la mkonge, dereva ni jamaa yake. Watoto wakapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza nani kafa.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Tumbo. Si uongo, lilikuwa likiniuma kweli. Basi la asubuhi, Maramba.

Mpango: kutafuta mto wowote wenye kelele kidogo na usio na jina kubwa. Kuuzoesha jina jipya. Watu wawili watatu wa pale wakilitaja Jumamosi mbele ya watoto, basi mto upo. Mito mingapi imepata jina kwa njia mbaya kuliko hiyo?

Nilizunguka tangu saa tatu mpaka saa saba. Nimepata mfereji. Upana, mtu mzima anauruka bila kukunja suruali. Kelele hauna, lakini palikuwa na vyura. Mwenye shamba ni mzee Abrahamu, jembe begani. Nikamwamkia, nikamsifia mahindi yake, kisha nikamuuliza huu mfereji unaitwaje. Akasema mfereji. Nikamuuliza kama angekuwa na kinyongo ukiitwa Mwanaidi.

Akaweka jembe chini. Akauliza huyo Mwanaidi ni nani. Nikasema mama mkwe wangu. Akauliza mama mkwe wako anataka nini kwenye shamba langu. Nikasema hataki kitu, jina tu. Akasema ndivyo walivyoanza hata wale waliomnyang'anya ndugu yake ekari mbili: walikuja kwa upole, wakasifu mahindi, wakauliza jina. Akaita wanawe. Wanawe ni wanne na wote wamekula wakashiba.

Nilikimbia mpaka barabarani. Mfereji niliuruka mara tatu, kwenda, kurudi na kwenda tena, maana mara ya kwanza niliangusha ndara. Siyo mto. Naandika kwa uhakika wa kitaalamu.

Ijumaa, 25 Septemba

Dorkasi alinisubiri mlangoni mwa kituo. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba, mwanangu. Macho mekundu. Akaomba tukae.

Akasema kuna jambo hajui aliseme vipi kwa mtu aliyemfundisha kushika kalamu. Baba yake alikuwa gangi wa reli, mtengenezaji wa njia, Tanga mpaka Korogwe, miaka thelathini. Stesheni zote aliwafundisha nyumbani kwa mpangilio, kama watoto wengine wanavyofundishwa sala. Subira hakuitaja hata siku moja.

Nikakumbuka. Kofia ya reli! Kila siku ya wazazi mtu mmoja alikuja na kofia ya reli, akakaa mstari wa mbele, akapiga makofi hata pasipostahili. Mzee Kristofa. Nilimpa mtoto wake stesheni ya uongo nikidhani hajui kitu.

Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini hukusema siku ile dukani? Akasema, "Mwalimu, nilidhani baba ndiye aliyesahau."

Halafu akasema baba yake amefariki mwaka jana. Na tangu Jumatatu hapati usingizi, maana ameandika kwa mkono wake, kwenye stensili, kitu kinachomfanya baba yake mwongo.

Nikamwambia yote. Nakala tatu, mto, kilima, kahawa vikombe saba, mfereji wa mzee Abrahamu. Nilidhani atalia zaidi. Alishika tumbo akacheka mpaka akaegemea taipureta, kengele ya taipureta ikalia. Kisha akaacha kucheka akasema sasa twende.

Twende wapi? Kwa mkaguzi. Njiani tukawapitia Manase na Shelina, nikasema tena yote. Shelina akaziba mdomo. Akasema familia yao imekwenda Ushongo kila Idi Pili tangu yuko mchanga na hajawahi kugeuka nyuma kukitafuta kilima, alidhani kiko nyuma ya minazi. Akatazama kichwa changu, akatazama chini. Manase alitoa kijitabu, akafungua ukurasa wa tisa, akaweka rula juu ya mto. Sijapata kuaibishwa hivyo na rula.

Bwana Wilfred alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akasema aliondoka Maramba akiwa na miaka minane. Alipousoma ule mto alijiona mtu asiyejua hata maji ya kwao, akaona haya. Kadiri alivyofikiri ndivyo alivyokumbuka kuoga. Mpaka maji yalikuwa baridi.

Amesema safari imefutwa. Ukurasa wa tisa ubadilishwe kabla ya Jumatatu. Na kuoga kwake kusitajwe tena mahali popote. Nimeahidi. (Daftari hili silihesabu.)

Nikamuuliza kuhusu jalada. Akasema kuhusu jalada niwaulize wenzangu. Nikawageukia. Manase akasema Mwalimu, jina lako tulikwishalikata kwenye stensili, na stensili ikishakatwa haifutiki. Dorkasi akamwambia rangi ya kufutia iko chupa nzima. Manase akasema yeye haioni. Shelina naye akasema haioni.

Jumamosi, 26 Septemba

Kutwa nzima kituoni. Vijitabu vimerudishwa kutoka shule zote. Dorkasi kakata stensili mpya ya ukurasa wa tisa, safi, mkonge mtupu, na stesheni za reli kwa mpangilio, zote alizofundishwa. Nilimwambia azitoe kichwani, mimi nikae kimya. Akazitaja akipiga chapa, bila kutazama vidole. Safari hii nilijua anatazama wapi.

Mimi nilizungusha mashine. Shelina akang'oa pini, Manase akapachika ukurasa mpya na kubana pini nyingine, zimenyooka zote. Zainuddin katuletea sambusa na chai. Kaniuliza ule uzi umefaa kitu. Nikasema bado.

Tulicheka sana. Tena walipoandika herufi moja vibaya waliniuliza mimi. Naandika nisije nikasahau: hawa ni watu wema. Sitawashuku tena maisha yangu yote.

Jioni tukahesabu vyote mia nne, na vya akiba humo. Mia tatu tisini na tisa.

Nikahesabu tena. Mia tatu tisini na tisa. Manase akasema kimoja si kitu. Kasema haraka mno.

Jumatatu, 5 Oktoba

Kile kimoja kimepatikana. Kiko chini ya godoro la Bi Mwanaidi. Tangu aliposikia mto wake umeondolewa kitabuni hajasema nami neno, ila kupitia mke wangu: mwambie mumeo chumvi iko pale. Kijitabu hakitoi. Kasema mto ulikuwepo, umeukausha wivu wa watu. Mnofu wa shingoni anapewa paka.

Hata hivyo namshuku Manase. Nani alimwambia bibi huyu akifiche?

Afisa Elimu kafurahi na kijitabu. Ameagiza kingine, cha darasa la tano. Habari za uvuvi. Sura ya samaki nimeichukua mimi. Tumeongezewa mwenzetu wa tano, Kombo, kijana wa Ushongo, baba yake na babu yake wote wavuvi. Mpole sana. Ana adabu, hawezi kumkosoa mtu mzima. Huyo hana neno.

Leo nimeingia kituoni saa tisa. Wamenyamaza! Kisha shikamoo nne kwa mpigo. Na Shelina kashika kitu nyuma ya mgongo. Mke wangu anasema pengine ni keki, kwa kuwa wiki ijayo ni Siku ya Walimu hapo kituoni. Moyo safi, yule.

Nimetafakari sana juu ya yaliyopita, na kosa langu nimeliona. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Kosa lilikuwa mto. Mto, mtu anaweza kupanda lori akaenda kuutazama.

Kesho naanza kupiga chapa. Nakala nne, na kila moja na samaki wake. Wa kwanza mkubwa, mwenye kelele, haogopi wimbi, jina lake analijua kila mtu nyumbani kwangu. Bi Mwanaidi akimsikia, mnofu wa shingoni utarudi.

Na samaki asipoonekana, unasema msimu wake bado.